Mbege Isiyochacha Kabla ya Wageni: Mwongozo Kamili wa Kuipika Nyumbani na Vyakula vya Kuiandalia

Kila inapokaribia Desemba, watu wakianza kufungasha kupanda kwenda Moshi, mkoani Kilimanjaro, naulizwa maswali yale yale kuhusu mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi. Mbege yangu imekuwa siki, nimekosea wapi? Mbona imebaki uji mtamu tu? Mbona ni chungu mpaka wazee wameiacha kwenye kata, kile kibuyu cha kuchotea na kunywea? Na lile linaloniuma zaidi: nimeandaa chakula kizuri, watu wamekunywa kata moja, wamevimbiwa, nyama imebaki.

Wengi wanaoniuliza wana kipimo sahihi walichopewa na mama au shangazi, na wamekifuata bila kuruka kitu. Wanachokosea ni siku. Bibi wa Marangu, juu mlimani Kilimanjaro, anasema ndizi zikae siku tano, na kwake ni kweli, kwa sababu kwake usiku mtu hujifunika blanketi mbili. Ukizihesabu siku hizo tano ukiwa Tabata au Buguruni kwenye joto la Dar es Salaam, unapika siki. Kwa hiyo humu nitakutajia siku, lakini katika kila hatua nitakuonyesha pia dalili ya kutazama. Dalili ikipingana na siku, fuata dalili.

Jambo moja tulielewe mapema. Hii si ile wine ya ndizi ya chupa inayouzwa madukani, iliyochujwa ikawa angavu. Mbege ni nzito, ina ulezi unaoelea juu, na inaendelea kubadilika mpaka kata ya mwisho. Chakula chake pia hubadilika kadiri inavyokua.

## Vitu vya kuandaa

Kipimo hiki kinatoa kama lita 20, zinazowatosha watu kumi na tano wanaokunywa kwa kiasi.

- Ndizi mbivu kilo 10, zikiwa na maganda. Ndizi ng'ombe ndizo ninazozipenda kwa kazi hii. Ukizikosa, chukua ndizi yoyote inayoiva ikawa tamu. Mchare, ndizi ya kupika, uachie mtori, supu ya ndizi zilizopondwa.
- Ulezi kilo 2, mzima, usiosagwa. Moshi mjini utaupata soko la Mbuyuni.
- Msesewa, au msesewe, ganda la mti lililokaushwa na kutwangwa, kijiko kimoja cha chai. Nitaueleza mbele.
- Maji safi, kama lita 22, yaliyochemshwa na kupoa kwa matumizi ya baada ya kupika.
- Sufuria kubwa mbili na mwiko mrefu.
- Pipa la mbao, au ndoo mbili za plastiki za chakula, mojawapo ya lita 30.
- Kitambaa cheupe cha pamba cha kuchujia, kilichochemshwa.
- Majani ya mgomba au gunia safi la kuoteshea ulezi.

Ndoo iliyowahi kubeba rangi, dawa ya shamba au mafuta ya gari usiiguse, hata ukiisugua mara kumi. Wala usiweke mbege kwenye debe la bati au sufuria ya alumini ikalala humo. Ikichachuka inakuwa na asidi, na asidi hula chuma. Utaisikia ladha ya msumari mdomoni.

Hamira ya mikate nayo iache jikoni. Inatoa povu haraka na kumfurahisha mpishi, lakini kinachotoka kina harufu ya unga wa ngano.

## Panga siku kwa kurudi nyuma

Sherehe ikiwa Jumamosi, loweka ulezi siku kumi kabla, yaani Jumatano ya wiki iliyotangulia. Pwani nunua ndizi siku hiyo hiyo, zikiwa bado za kijani, zilizokomaa; mlimani zinunue siku saba kabla ya siku ya kuzipika, zipate muda wa kuiva. Mlimani, ndizi zipikwe Jumamosi ya kabla na mchanganyiko ufanywe Alhamisi jioni. Dar, Tanga au Mombasa, ndizi zipikwe Jumatatu jioni na mchanganyiko ufanywe Ijumaa asubuhi.

## Hatua ya 1: Kuotesha ulezi upate kimea

Osha ulezi, ondoa mchanga, uloweke kwenye maji mengi usiku na mchana. Umwage maji, utandaze juu ya majani ya mgomba kwa unene wa kidole kimoja, kisha uufunike kwa majani mengine au gunia lenye unyevu. Nyunyizia maji asubuhi na jioni, na uugeuze kwa mkono.

Siku ya pili utaona nukta nyeupe. Siku ya tatu kimizizi kinakuwa kirefu kidogo kuliko punje yenyewe. Hapo simamisha. Anika juani siku mbili, fikicha mizizi kwa viganja, pepeta, saga. Unga wake ukiuonja una utamu wa mbali ambao ulezi wa kawaida hauna.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Mara yangu ya kwanza kupika peke yangu nilinunua unga wa ulezi wa uji, nikaona ulezi ni ulezi. Mbege ilikuwa nzito, imepooza, na jioni yake ikaanza kunuka uji uliolala. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Unga wa ulezi usioota hauna kazi hiyo ndani yake, hata uuchemshe namna gani.

Tahadhari: ukiona utando wa kijani, mweusi au wa waridi, au ukisikia harufu ya chumba kilichofungwa, tupa wote. Usichague punje nzuri. Sumu ya ukungu haionekani na haiondoki kwa kuchemsha. Na usioteshe mbegu za dukani zilizopakwa dawa kwa ajili ya kupanda.

## Hatua ya 2: Kuivisha ndizi

Nyumbani mkungu huwekwa darini juu ya jiko, ukapata joto na moshi. Mjini zifunge chane zako kwenye gunia au boksi, uweke mahali penye joto. Zinachukua siku tano hadi saba, au pungufu pwani.

Usizipike zikiwa za njano tu. Subiri ganda liwe na madoa meusi, kidole kiachie chane ukikigusa, na ukimenya ganda litoke lenyewe bila kung'ang'ania. Ndizi ambayo haijafika hapo bado ina wanga mwingi, na wanga huo chachu haiwezi kuula. Ndiyo maana mbege za watu wengi zinabaki uji.

Zikiiva zote kwa siku moja kwa ghafla, zikiwa njano tupu nje na ngumu katikati, huenda zimewekewa dawa ya kuivishia. Mimi sizinunui.

## Hatua ya 3: Kupika ndizi

Menya, katakata, weka kwenye sufuria na maji lita 8. Chemsha, kisha punguza moto uendelee kutokota kwa saa tatu ukikoroga. Chini hushika haraka kwa sababu ya sukari, na ndizi zikiungua harufu ya kuungua haitoki tena.

Utazame rangi. Saa ya kwanza ni njano ya kupauka. Saa ya pili inaanza kuwa ya kahawia. Mwishoni ni nyekundu kama tofali, nzito, imevunjika yote, na nyumba nzima inanukia kama asali iliyopashwa moto. Watu wengi huzima moto kwenye kahawia kwa sababu kuni zimekwisha au mkaa ni ghali. Malizia. Ladha ya mbege iko kwenye ile saa ya tatu.

Kuchemsha huku kunaua pia vijidudu vilivyokuja na ndizi, ili chachu ikiingia isigombanie chakula na wengine.

## Hatua ya 4: Kuilaza ndizi ichachuke

Suuza ndoo kwa maji yanayochemka. Mimina ndizi zikiwa zimepoa kabisa, ukiingiza kidole usisikie joto. Hapa ongeza kianzio: kikombe kimoja cha mbege nzuri kutoka kwa jirani aliyepika wiki hiyo. Ukikosa, ponda ndizi mbivu moja mbichi, isiyopikwa, uikoroge humo. Mapipa ya wapishi wa zamani yalishiba chachu kwenye mbao zake, ndiyo maana wao hawahitaji kuongeza kitu. Ndoo mpya ya plastiki haina kitu.

Funika kwa kitambaa na mfuniko uliolegea. Usikaze mfuniko. Hewa inayotoka ni nyingi, na ndoo iliyokazwa inaweza kupasuka au kurusha kila kitu darini.

Mlimani, Marangu, Kibosho au Machame ya juu, ni siku nne hadi sita. Pwani ni siku tatu, wakati mwingine mbili na nusu. Tazama hivi:

Siku ya kwanza kimya. Kisha nyama ya ndizi inapanda juu, inafanya kofia nene, na maji yanabaki chini. Ukiweka sikio karibu na ndoo unasikia sauti ndogo kama manyunyu yanayoanguka juu ya majani ya mgomba. Isukume kofia hiyo chini mara moja kwa siku kwa mwiko safi, isikauke ikaota ukungu. Sauti ikipungua, kofia ikianza kuzama, na harufu ikawa ya kulevya lakini bado ina utamu nyuma yake, imefika. Usisubiri kesho.

Ukisikia harufu inayochoma pua, umechelewa. Hiyo chuja, iweke chupa, itumie kama siki ya kachumbari. Ukiona manyoya ya ukungu juu, mwaga.

## Hatua ya 5: Kuchuja

Ongeza maji lita 6 yaliyochemshwa yakapoa, koroga, chuja kwa kitambaa na ukamue kwa mikono iliyooshwa vizuri. Utapata kama lita 12 za maji ya rangi ya udongo mwekundu. Machicha wape nguruwe au ng'ombe, kidogo kidogo, maana nao hulewa.

## Hatua ya 6: Uji wa kimea na msesewa

Bakiza unga wa kimea wa mikono miwili pembeni. Uliobaki ukoroge kwenye lita 8 za maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke motoni.

Moto uwe mdogo kabisa. Ukifika joto ambalo kidole kinaungua lakini sufuria bado haijatoa mapovu, ipua, funika, uache nusu saa. Utaona uji unalegea wenyewe na kuwa mtamu. Ni vile vimeng'enya vinafanya kazi, na vinaipenda sana hali hiyo ya joto. Ukiubandika uji kwenye moto mkali ukachemka mara moja, vinakufa kabla havijaanza. Baada ya nusu saa ndipo urudishe motoni, uchemke dakika kumi, upoe.

Msesewa sasa. Ni ganda la mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Rauvolfia caffra, na ndio unaoipa mbege uchungu wake wa mwisho, ule unaobaki nyuma ya ulimi na kukufanya utake kuonja tena. Chemsha kijiko chako cha chai kwenye kikombe kimoja cha maji kwa dakika tano, chuja. Maji hayo tia kwenye uji nusu kwanza. Koroga, onja. Ongeza kidogo kidogo. Uchungu ukishazidi hakuna cha kuurudisha, sukari haiuondoi.

Tahadhari: mti huu ni wa jamii moja na ule uliotoa dawa ya presha iitwayo reserpine. Mwenye presha ya kushuka, au anayetumia dawa za presha au moyo, asinywe mbege yenye msesewa. Ukiwa na wageni usiowajua afya zao, pika bila msesewa. Itakuwa nyepesi mdomoni, lakini itanyweka. Na ukichuna ganda mwenyewe, chuna upande mmoja tu wa shina. Mti uliochunwa kuzunguka wote hukauka.

## Hatua ya 7: Kuchanganya

Uji ukiwa umepoa kabisa, uunganishe na maji ya ndizi kwenye ndoo ya lita 30. Nyunyizia kile kimea ulichobakiza, koroga, funika kwa kulegeza. Ibaki nafasi ya kiganja juu, kwa sababu itapanda.

Mlimani inahitaji usiku na mchana. Pwani saa kumi na mbili zinatosha. Imefanikiwa ukiona povu jepesi la rangi ya waridi iliyofifia, ulezi umepanda juu kama utando, na ukiusukuma kwa kata chini yake mbege inachezacheza. Onja: utamu mbele, uchachu katikati, uchungu mwisho. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana kabisa, rudi kwenye hatua yake. Utamu usipokuwepo, ndizi zililala mno. Uchachu usipokuwepo, subiri saa chache.

## Chakula chake kinafuata umri

Mbege inashibisha. Ina ulezi, ina ndizi. Mgeni aliyeanza na kata mbili kabla ya sahani ameshakula. Chakula kitangulie, au viende pamoja, na kata iwe ndogo. Kufanya hivyo kunamlinda pia asilewe tumbo likiwa tupu.

Kosa la pili ni kuitandikia mezani mtori na kiburu. Navipenda vyote viwili. Lakini mtori ni ndizi iliyopondwa, kiburu ni ndizi na maharage yaliyopondwa, na mbege ni ndizi na uji. Vizito vitatu vinafuatana, hakuna cha kutafuna, hakuna chumvi ya kuuamsha ulimi. Mtori mpe mtu asubuhi inayofuata.

Mbege changa, saa chache baada ya kufika. Tamu, nzito, haijawa na nguvu. Inataka chumvi na pilipili. Mbuzi wa kuchoma aliyepakwa chumvi tu, na pilipili mbichi iliyopondwa pembeni. Utamu unaipoza pilipili, na pilipili inauzuia utamu usikinaishe. Mishikaki inafaa pia, mradi isiwe imelowekwa kwenye ukwaju.

Mbege ya siku iliyofuata. Hii ndiyo saa yake, na hapa ndipo ndafu inapopaswa kufika mezani. Mbuzi mzima aliyechomwa kwa makaa ana mafuta yake, na uchachu wa mbege unayasafisha mdomoni kila unapopiga funda, ndiyo maana mtu anaweza kula mbavu baada ya mbavu. Ule uchungu wa msesewa nao unakutana na pale nyama ilipoungua kidogo pembeni. Nimekula ndafu na soda, nimekula ndafu na bia. Hakuna kinachoikaribia mbege ya siku ya pili.

Siku hiyo hiyo machalari inawezekana, ndizi na nyama ya ng'ombe, ukifanya mambo mawili: mchuzi uwe mwingi na mwepesi, na ndizi zibaki vipande unavyoweza kuvitafuna. Usiongeze nazi wala maziwa. Kachumbari isiyo na ndimu nyingi ikae pembeni.

Mbege iliyokomaa, siku ya tatu. Kali, utamu umekwisha. Hapa inahitaji mafuta mengi na ladha nzito: kisusio (supu ya mbuzi yenye damu), utumbo wa kukaanga, na kwa wanaokula, kitimoto (nyama ya nguruwe) chenye ukanda wa mafuta. Wasiozoea watasema imeharibika, na wazee watasema sasa imekuwa. Kitu cha ndimu, nyanya nyingi au maziwa mgando usikilete karibu, uchachu juu ya uchachu unachoma koo.

Watoto, wajawazito na anayeendesha gari wana togwa. Itengeneze kwa uji ule ule wa kimea, uutoe kabla ya kutia msesewa na kuunganisha na maji ya ndizi, wanywe siku hiyo hiyo.

## Kuimimina

Ikoroge kutoka chini kwanza, la sivyo wa mbele watapata maji na wa mwisho watapata matope. Ichote kwa kata kutoka kwenye pipa, usiimimine kwa kuinamisha ndoo. Barafu haihitaji. Ubaridi wa kivuli cha mgomba unatosha, na mjini weka ndoo ndani ya beseni la maji.

Mwenye nyumba aonje wa kwanza mbele ya watu, kisha ampe mzee kwa mikono miwili. Ukionja wewe kwanza, kila mtu ameshaona kwamba ni salama.

Ukitaka kuuza, hata kata kumi kwa majirani, kwanza uliza kibali ofisi ya mtendaji wa kata au halmashauri. Na asikudanganye mtu kwamba iliyochacha inafaa kukenekwa iwe gongo. Ni kosa la jinai, na gongo imeua na kupofusha watu.

Iliyobaki siku ya nne ichuje ulezi wote, uiweke kwenye chupa. Usiku wa kuamkia sherehe nyingine, loweka humo mapaja ya mbuzi mzee pamoja na kitunguu saumu na tangawizi. Asubuhi yapanguse yakauke kabisa kabla hayajagusa makaa, vinginevyo nyama itachemka badala ya kuchomeka.